Uwanja wa Shangazi Mwavita

...isiwake, Mungu wangu, leo tu isiwake, mafuta yamwagike, kamba ikatike, mvua ije hata kama si majira yake, maana mota ikiwaka taa itawaka, na taa ikiwaka kile kitambaa cheupe kilichofungwa kati ya nguzo mbili za goli kitamwonyesha shangazi, na shangazi atajiona, ndivyo Florentin alivyokuwa akiomba, amesimama kando ya gari la sinema, kipaza sauti mkononi, jasho likimshuka ndani ya shati jeupe la ofisi, huku Abedi dereva akivuta kamba kwa mara nyingine na mota ikikohoa, ikikohoa, ikanyamaza. “Hii mota iko na kichwa nguvu sawa bibi wa tatu,” Abedi akasema, “mafuta iko, buji ya kuwashia iko, sasa anataka nini, kitenge?” na watu wa karibu wakacheka, maana leo watu walikuwa wamekuja kucheka, uwanja wa mpira wa Kasuku umejaa mpaka kwenye majani, watu wa Mikelenge wamekuja na viti vyao vichwani, watu wa ng'ambo wamevuka Lualaba kwa mitumbwi jua lingali juu, watoto wamekaa mbele kabisa vumbini, na nyuma ya watoto, kwenye mkeka alioutandika mapema ili asikose nafasi, shangazi Mwavita, dada wa baba yake, amesukwa nywele, amepaka wanja, amevaa kitenge ambacho hakijapata kuona maji, amekaa wima kama mtu anayengoja kuitwa mbele. “Mama Mwavita, leo weye njo mwenye sinema,” jirani yake Pélagie akamwambia kwa sauti ya watu wote, “kesho utapita kwangu bila hata kusalimia.” “Acha mambo yako, Pélagie, miye nilikuja juu ya Okito.” Juu ya Okito, amekuja kwa ajili ya marehemu mumewe, kumuona akikumbukwa mbele ya mji mzima, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa, na aliyemwambia ni nani, ni mimi, ni Florentin, mtoto wake, kijana wa ofisi, mshairi...

Mshairi, eti. Bwana Henri, mzungu mkuu wa ofisi, ndiye aliyempa neno hilo, siku ya kwanza ya staji, mwaka wa kujifunza kazi, katika ofisi ya habari, chumba cha matangazo, chumba chenye dirisha moja na mabango yaliyokunjwa kama mikeka, alimsikia akisoma tangazo la chanjo na akaiacha kalamu yake mezani, “wewe una sikio,” akasema, “watu wa hapa hawaji kwa sababu ya habari, wanakuja kwa sababu ya wimbo, nitafutie wimbo,” na Florentin, aliyekaa miaka yake ya chuo kwa mapadri akipima beti za Kilatini kwa kugonga kidole chini ya dawati, alihisi kwamba mtu amefungua mlango uliokuwa ukimngoja yeye tu, kumbe mtu anaweza kula kwa mizani, kumbe yale waliyoyaita wenzake uvivu yalikuwa kazi, akatunga tangazo la sabuni, akatunga la pamba, akatunga la mashindano ya baiskeli, na kila jioni gari likipita na sauti yake juu ya paa alikuwa anaona vichwa vikigeuka, akina mama wakisimama na mwiko hewani, na moyo wake ulikuwa unavimba, unavimba, lakini hakuna lililoshika kama hili la leo, hili limeshika kama moto wa nyasi,

Njoni nyote kwenye taa,
mumuone Mama Taka,
ufagio umekaa,
nyumba nzima inanuka,

nane, nane, nane, nane, hakuna silabi iliyolala nje, wiki nzima ameliimba juu ya gari kutoka steshoni mpaka mtoni, sasa watoto wanalirukia kamba, mafundi wa baiskeli wanalipigia nyundo, na juzi alipokwenda kwa shangazi kula alimkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo, na mchi ulikuwa unashuka palepale penye mizani, njoni nyote, pu, kwenye taa, pu, anaimba huku amefumba macho, mumuone, pu, akamwona akatabasamu, “Mutoto wangu, hii wimbo yako iko tamu, huyu Mama Taka njo nani?” na yeye akasema nini, akasema ni mtu wa mfano tu, shangazi, mtu wa kuzua, akala, akanawa, akashukuru, Mungu anisamehe, nilikula sombe yake na nikashukuru.

“Alors, Florentin?” Bwana Henri amesogea, kofia kwapani, anajipepea kwa karatasi, ana furaha, hajawahi kuona umati wa namna hii, “sema kitu, watu iko nangoja, piga ile wimbo,” na kipaza sauti hakina udhuru, kinakula betri ya gari, kiko tayari tangu jioni, ni mota ya sinema tu inayogoma, na Florentin akaitika “Ndiyo, Bwana,” akakiinua mpaka kidevuni, akajifanya anasafisha koo, kwa sababu jambo lenyewe ni kwamba mwaka huu wote wa staji unaishia hapa, Bwana Henri ameshamwambia, umati ukija na umati ukicheka, utakwenda Léopoldville, redioni, sauti yako itapita juu ya misitu yote mpaka Pangi, mpaka Kabambare, mpaka kwa watu ambao hujawahi kuwaota, na umati umekuja, bado kucheka, na kitakachowachekesha kiko ndani ya kile kisanduku cha bati miguuni pa Abedi, utepe wa picha uliozungushwa kwenye gurudumu, uso wa shangazi, mara elfu, mdogo kama ukucha.

Kama angesema hapana siku ile. Siku ile walizunguka tangu asubuhi na mashine ya picha nyuma ya gari, wakitengeneza sinema ya kufundisha usafi, Mama Safi alikuwa amekwisha kupigwa picha, mke wa karani mmoja, na kitambaa chake cha meza na ua lake kwenye gilasi, sasa Bwana Henri alimtaka mwenzake, mchafu, walipita Kasuku ua kwa ua, lakini hakuna mwanamke wa Kindu ambaye jua linamkuta hajafagia, kila uwanja ulikuwa na mistari ya ufagio kama nywele zilizochanwa, mpaka Bwana Henri akachoka na kukasirika, “mji mzima hauna uchafu?” na hapo, hapo hasa, palikuwa na jibu, jibu jepesi, lenye heshima, hata mtoto wa chekechea angelijibu, hauna, Bwana, mji huu hauna, picha yako ni ya uongo, turudi nyumbani, lakini Bwana Henri alikuwa anamtazama yeye, anamngojea yeye, kama mwalimu anayejua mwanafunzi wake hodari hatamwangusha, na ulimi ukatangulia. “Ninajua pahali.” Wala haukuwa ulimi, asimsingizie ulimi, ilikuwa ni yeye, alijua pahali kwa sababu baba Okito alikuwa amezikwa juma lile, na kwao mume akifa ufagio unafungwa kamba na kutupwa juu ya paa, uwanja haufagiliwi, jiko halizolewi majivu, mjane hachani nywele, mpaka siku ya kuondoa matanga, kwa sababu nyayo za marehemu bado zimo katika vumbi lile, anayezifagia amemfukuza mtu wake kabla hajaaga, jambo hilo analijua tangu utoto, alipigwa kofi na shangazi huyuhuyu siku aliyochezea ufagio kwenye matanga ya babu, kofi moja, la kumfundisha, basi alifundishwa, alikuwa anajua, hakuna mtu katika gari lile aliyekuwa anajua isipokuwa yeye, na ujuzi huo ndio alioutoa. Ndio aliouuza... hapana, hata kuuza si neno, mwenye kuuza hupewa kitu mkononi, yeye alipewa kupigwa bega.

Akaingia peke yake kwanza, akachuchumaa mbele ya mkeka, akamshika mkono. “Shangazi, watu wa ofisi wanataka kupiga picha matanga ya baba Okito, ili akumbukwe.” Na shangazi, macho yamevimba, majivu kwenye nywele, aliinua uso. “Okito? Wazungu banamujua Okito?” Okito aliyekuwa akikaza misumari ya reli kuelekea Kibombo, Okito mwenye baiskeli, aliyempakia mtoto asiye wake nyuma ya baiskeli ile mpaka shule ya mapadri, mvua inanyesha, “shika mgongo, msomi wangu, usilowanishe Kifaransa chako,” na Florentin akasema ndiyo, wanamjua, na shangazi akalia upya, kilio kingine, kile cha mtu aliyetulizwa, akageukia ndugu waliojaa barazani, “Si nilisema? Si nilisema huyu mutoto atatuletea heshima?” na ndugu wakaombwa wakae nyuma ya nyumba wasionekane, kwa sababu Bwana Henri alimtaka mwanamke peke yake, mwanamke mvivu hana wageni, na akataka na mbuzi apite nyuma ya kichwa chake, mbuzi alikuwa wa Pélagie, na aliyevuta kamba ya mbuzi ni nani... usiulize, unajua, mkono huu huu ulioshika kipaza sauti.

“Miye nasema mota imesikia baridi,” Abedi akasema, amelala kifudifudi sasa, anapuliza kitu, “wapi mwanamume mwenye pumzi, aje amupulize,” na sauti fulani kutoka gizani ikajibu, “Muite mutu wa Kibombo, wale banajua kupuliza maneno!” kicheko, kicheko kikubwa, kimejaa tele, kinangoja tu mahali pa kuangukia, na Florentin akahisi kicheko hicho kikimpita masikioni kama upepo unaotafuta nyumba isiyo na mlango. Labda hawatamjua. Alijaribu hilo. Nywele zake zimesukwa leo, siku ile zilikuwa wima, labda watasema ni mwanamke wa Pangi, ni mwanamke wa mbali... nyumba yake wanaijua, mti wake wa pera wanaujua, nusu ya watoto hawa walipozaliwa walipokelewa na mikono yake. Labda atafahamu, alijaribu na hilo, atasema mtoto wangu alikuwa kazini, alitumwa, atakuja kesho na bakuli la chakula na hataligusa jambo hili, na hapo Florentin aliona kitu ambacho kilimfanya afumbe macho, aliona kwamba msamaha huo ameshautumia, aliuhesabia tangu siku ile uwanjani, alijua tangu mwanzo kwamba huyu ni mtu wa kusamehe, ndiyo maana alimchagua yeye, mke wa karani asingemsamehe.

Na bado si hilo lililo baya kuliko yote. Picha iliporudi kutoka huko mbali picha zinakosafishwa, ikaonyeshwa kwenye ukuta wa ofisi, madirisha yamefungwa, na yeye alikuwa na kazi moja tu, kuandika maneno ya kusema, kwa kuwa picha hizi hazina sauti, sauti ni yeye, na ukutani akamwona shangazi katikati ya majani makavu na majivu, mbuzi anapita, na midomo yake inacheza, inacheza, haiachi, anasema na mashine, anainua mkono, anaonyesha njia, anaonyesha paa, anajipiga kifua, na Bwana Henri akacheka mpaka akakohoa, “anasema nini huyo, mtafutie maneno,” na Florentin akamtafutia. Sauti nyembamba ya puani, sauti ya mwanamke mvivu, ameifanyia mazoezi chumbani na mlango umefungwa, usinisumbue ewe ufagio, acha nilale nimeshiba vumbi, maneno hayo yatakaa sawasawa juu ya midomo yake, ameyapima, kila midomo inapofunguka pana silabi inayongoja, ni kazi nzuri, hata sasa, hata hapa aliposimama, kuna kidole kimoja mkononi mwake kinachogonga kwenye bati la kipaza sauti na kusema vumbi, vumbi, labda rundo lingekaa vizuri zaidi... na akakiona kidole hicho, akakishika kwa mkono wa pili, kama mtu anayemshika mwizi na kumkuta ni ndugu.

Kisha watoto wakachoka kungoja wakaanza wenyewe. Mmoja, halafu safu nzima, njoni nyote kwenye taa, wanapiga makofi, mumuone Mama Taka, na safu za nyuma zikaitika, wanawake wakaingia na sauti zao za pili, uwanja wote ukawa mdomo mmoja, hajawahi kusikia ubeti wake ukiwa mkubwa namna ile, na Bwana Henri akamgonga begani, “Léopoldville,” akamwambia sikioni, neno moja tu, na kwenye mkeka shangazi Mwavita anaimba, anapiga makofi na kuyumba, amegeuza uso kumtazama mtoto wake, anamwonyesha Pélagie, huyu, huyu njo aliitunga, ufagio umekaa, nyumba nzima inanuka, meno yake yote yako nje kwa fahari.

Midomo yake ilikuwa inacheza kama siku ile. Na Florentin akajiuliza, kwa mara ya kwanza, kweli ilikuwa ni mara ya kwanza, alisema nini? Siku ile mbele ya mashine, alisema muda mrefu, nilikuwa nimesimama pale, hatua chache, kamba ya mbuzi mkononi, upepo haukuwapo, alisema nini? Akatafuta. Alikumbuka mbuzi alivyomvuta, alikumbuka jua kwenye kioo cha mashine, alikumbuka vizuri kabisa kwamba wakati ule alikuwa anapima, Ma-ma Ta-ka yu-ko hu-ku, hapana, mu-mu-o-ne, ubeti ulizaliwa palepale, juu ya sauti yake, mwanamke alikuwa anamlilia mumewe kwa maneno na yeye alikuwa anasikiliza mahadhi tu, alisikia inapopanda na inaposhuka, na maneno yakampita yote. Labda alisema reli. Labda alisema baiskeli, labda alinitaja, ingekuwa ajabu asinitaje... Hakuna. Picha itakwenda Léopoldville, itakwenda Stanleyville, vijiji vyote vitamwona akifungua midomo, na duniani pote palikuwa na sikio moja tu lililowekwa pale kusikia, na sikio hilo, lililosifiwa, halikuwa na kitu ndani yake.

Abedi akavuta kamba. Mota ikashika kidogo, ikatoa moshi, ikafa, umati ukaguna, na Florentin akajikuta anatembea, waya wa kipaza sauti unaburuta nyuma yake katika vumbi, watoto wanampisha, Bwana Henri anaita, “Wapi unakwenda?” na waya ukakaza, akakiweka kipaza sauti chini, akachuchumaa pembeni ya mkeka. “Baba, mbona unatoka jasho?” shangazi akasema, akamfuta paji la uso kwa ncha ya kitenge kipya, na ilikuwa vigumu kusema huku unafutwa. “Shangazi, siku ile ya mashine, ulikuwa unasema nini?” Akacheka. “Si ulikuwa pale?” “Nilikuwa pale. Sikusikia.” Pélagie akaacha kuimba. “Na hii picha si ya baba Okito, shangazi. Wameitengeneza ya uwanja. Uwanja usiofagiliwa. Mama Taka, shangazi... mimi njo niliwaleta.”

Mkono ulibaki kwenye paji la uso, haukusukuma wala haukufuta. Kila kitu kilikuwa vilevile, watoto wanaimba, Abedi anaitukana mota, Bwana Henri anavuta waya ule taratibu kama mvuvi asiyejua amenasa nini, kitambaa kati ya nguzo za goli hakina kitu, na shangazi akatazama kitambaa hicho muda wote ambao mtu anaweza kuvumilia, halafu akatazama watu waliokuja, mmoja mmoja, majirani, wale wa ng'ambo, kama anayewahesabia vyakula. Florentin alingoja lile kofi. Alingoja na ule msamaha, na aliuogopa zaidi. Havikuja. Shangazi Mwavita aliondoa mkono wake, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akasogea kwenye mkeka mpaka ikapatikana nafasi ya mtu mmoja.

“Kaa,” akasema. “Mota hayijawaka. Nilianza na jina ya mama yake Okito. Sikiliza sasa.”